Safari ya Nchi ya Dhahabu: Pa Kulala, Pa Kula na Pa Kununua Kando ya Ziwa

Bwana Mhariri ameniomba niwaandikie wanachama wenzangu khabari za safari yangu ya bara, kwani tangu niliporudi watu wamekuwa wakinisimamisha njiani, na hata penye majamvi ya kuanikia, kuniuliza maswali yale yale: Ulilala wapi? Ulikula nini? Je, ni kweli dhahabu huko ni rahisi? Sababu ya maswali hayo yajulikana. Vijana wetu wengi wamevuka kwenda bara kutafuta maisha, na siku hizi hawakosi Geita, Katoro na Kahama, ambako huwauzia wachimbaji nguo, viatu na vyombo. Msimu ukisha na karafuu zikishapimwa, mzee hutamani kwenda kumtazama kijana wake, na ikiwa ana harusi mbele yake huona kuwa safari moja itatimiza haja mbili.

Mimi ndivyo nilivyofanya. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana duka la nguo Katoro, na binti yangu alikuwa ameshaposwa. Nilifunga fedha za karafuu mkobani nikaondoka mwezi wa Januari, wakati ambao mvua za vuli zimekwisha huko na za masika hazijaanza. Wakati huo naupendekeza kwa kila mtu.

Kwanza njia. Kutoka Dar es Salaam mwenye uwezo hupanda ndege mpaka Mwanza na kwa saa moja na nusu amefika. Mimi nilikwenda kwa treni ya umeme mpaka Dodoma, ambayo inafanya kazi tangu mwaka 2024, kisha nikapanda basi lipitalo Singida, Nzega na Tinde. Hapo Tinde njia inagawanyika: mkono mmoja huenda Shinyanga na Mwanza, na mwingine huenda Kahama. Mwenye kwenda Katoro njia ya Kahama ndiyo fupi. Lakini mimi nilitaka kuliona Daraja la Kigongo na Busisi, basi nikashika njia ya Mwanza, wala sikujuta. Daraja hilo limepewa jina la Rais John Magufuli, nalo lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Urefu wake ni kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Zamani abiria walisubiri kivuko saa nyingi, na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali kubwa ya Mwanza alisubiri nao. Sasa gari hupita kwa dakika chache tu. Nilipokuwa juu yake nilikumbuka magati yetu na foleni zake, lakini hayo si maneno ya leo.

Sasa malazi. Jambo la kwanza ambalo mgeni hana budi kulijua ni kwamba mji wa Geita hauko ufukoni. Ziwa li mbali kwa mwendo wa gari, upande wa Nungwe, jina ambalo kwa masikio yetu ni kama Nungwi. Geita ni mji wa mgodi. Wazungu walianza kuchimba dhahabu hapo kwa nguvu katika miaka ya 1930, mgodi ule wa zamani ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kwa hivyo nyumba za wageni zake zimejengwa kwa ajili ya watu wa kazi, wala si kwa ajili ya watu wa kupumzika. Ziko hoteli kubwa kando ya barabara kuu, zenye maji ya moto na walinzi, ambazo wateja wake ni watu wa makampuni na wa serikali, na bei yake ni ya watu hao. Ziko tena gesti karibu na kituo cha mabasi, ambazo ni rahisi, lakini nyingi zina baa upande wa mbele, na ngoma zake hazinyamazi mpaka alfajiri. Usiku wa kwanza nililala katika moja ya hizo. Nasema nililala kwa sababu nililipa, usingizi sikuupata.

Kwa hivyo usilipe kabla ya kukiona chumba. Omba chumba cha nyuma. Fungua bomba, utazame kama maji yanatoka. Kisha inua mkono ukikague chandarua kama hakina tundu, na hilo la chandarua si la kufanyia mzaha. Hapa visiwani malaria imepungua sana kwa miaka ya karibuni, hata watoto wetu wengi hawaijui. Lakini Mkoa wa Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi kabisa nchini. Mwili uliokwisha kuisahau malaria huangushwa nayo upesi kuliko mwili wa mwenyeji. Tena mwenye kurudi nayo damuni huweza kuwaletea jirani zake, kwani mbu wetu wapo, wanangoja wapate wa kumnyonya. Ukirudi ukashikwa na homa, hata kama ni baada ya wiki mbili au tatu, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kuwa ulikuwa kanda ya ziwa. Usinywe panadoli ukangoja.

Mwenye kutaka ufuko hasa na apite Geita, apite Katoro na Buseresere, aende Chato. Huko ndiko alikozaliwa Rais Magufuli, na ndiko alikozikwa mwezi wa Machi 2021. Mji wake ni mkimya, barabara zake ni pana kupita magari yaliyopo, na ziwa li karibu. Zipo nyumba za wageni ambapo mtu huweza kuketi jioni akalitazama jua linavyozama majini, akanywa chai yake, wala hasikii ngoma ya mtu. Sikuandika majina ya nyumba hizo kwa sababu moja: katika nchi ya dhahabu gesti hufunguliwa na kufungwa kama vibanda vya msimu, na ile niliyoisifu leo mwenzangu aweza kuikuta imekuwa duka la saruji. Waulize vijana wetu waliopo. Na uchukue sweta. Ziwa lile liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa alfajiri huwatetemesha watu wa pwani.

Hapa nataka kusema na wenzangu wote tuliozaliwa tukiyaona maji kila siku. Tukilifika ziwa lile tunasema, hii ni bahari, ila haina chumvi. Ni kweli halina mwisho kwa macho, kwani ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika, na kisiwa chetu kizima kingeingia ndani yake zaidi ya mara 60. Lakini si bahari. Mimi siku ya kwanza Chato nilivua kanzu nikataka kuingia majini kama niingiavyo Vumawimbi, na mama mmoja aliyekuwa akisafisha dagaa akanipigia kelele: "Baba, usioge hapo penye majani!" Alikuwa na haki. Maji ya ukingoni, khasa yaliyotulia penye majani na penye kufulia nguo, yana konokono, na konokono hao hutoa vijidudu vya kichocho ambavyo hupenya katika ngozi ya mtu bila ya yeye kusikia lolote. Kichocho twakijua hapa kwetu kile cha mkojo. Cha ziwani aghalabu ni cha tumbo, nacho huliharibu ini polepole kwa miaka. Dawa yake ipo na ni nzuri, ila mtu hana budi apimwe kwanza, na kipimo huonyesha vizuri baada ya wiki sita au nane tangu alipoingia majini. Zaidi ya hayo kuna mamba na viboko, ambao hawaombi ruhusa. Oga kwa maji ya ndoo.

Jambo la pili ni vyombo. Sisi ni watu wa vyombo, na kwa hivyo hatuogopi. Lakini ziwa lile huchafuka ghafula, mawimbi yake ni mafupi na ya karibu karibu, na mtu akianguka katika maji yasiyo na chumvi hayambebi kama yanavyombeba ya bahari. Wenyeji wana msiba wao wasiousahau. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Chombo hicho kilijengwa kubeba watu kama 100. Mpwa wangu aliponieleza hayo sikumjibu kitu, na yeye alijua kwa nini. Nasi tuna usiku wetu wa tarehe 10 Septemba 2011, na mchana wa tarehe 18 Julai 2012, na wamo miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu waliowangoja watu wao gatini wasiwaone. Basi ukiwa Muganza au Nkome, na ukaambiwa mtumbwi huu utaondoka sasa hivi, tazama kwanza jaketi za kuokolea na idadi ya watu. Kama jaketi hazitoshi, ngoja mwingine. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka si kitu.

Nimetaja Muganza kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupandia boti kwenda Kisiwa cha Rubondo, mahali ambapo nilipapenda kuliko pote. Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, ina kilomita za mraba 457 pamoja na maji yake, na hakuna kijiji ndani yake. Ni msitu mtupu. Kuna nzohe, yule paa wa majini mwenye kwato ndefu, kuna tai wa samaki wengi, na kuna sokwe ambao khabari yao ni ya ajabu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 bwana mmoja wa Kijerumani, Bernhard Grzimek, alileta sokwe 17 waliokuwa wamefungwa katika mabustani ya wanyama ya Ulaya, akawaachia msituni humo. Wengine walikuwa wamekaa vizimbani miaka mingi, na watu walidhani watakufa kwa njaa. Hawakufa. Walijifunza matunda na majani wenyewe, wakazaa, na wajukuu wao sasa ni wanyama wa mwituni kabisa wanaomkimbia mtu. Malazi yapo ya namna mbili: vibanda na hosteli ya Shirika la Hifadhi za Taifa, ambavyo raia hulipia kwa shilingi na kwa bei nafuu kuliko mgeni, na kambi ya kitalii, ambayo ni kwa wenye dola. Chukua chakula chako kutoka Muganza, kwani kisiwani hakuna soko. Agiza chumba na boti ya hifadhi kabla hujatoka nyumbani.

Sasa chakula. Kwa mtu aliyezoea changu na nguru, samaki wa ziwani mwanzo huonekana wamepooza, lakini ulimi huzoea. Sato aliyekaangwa mzima, akaletwa na ugali na kachumbari, ni chakula ambacho sitakisahau. Sangara ni mkubwa, nyama yake nyeupe, ina mafuta, nayo hufaa kwa mchuzi. Samaki huyo si mwenyeji. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akala furu na samaki wadogo wengine mpaka aina nyingi zikatoweka. Siku hizi minofu yake husafirishwa Ulaya, na kibofu chake, wanachokiita bondo, hununuliwa na Wachina kwa bei inayoshinda nyama yenyewe. Usinunue sangara mdogo asiyefika sentimita 50, kwani sheria imemkataza. Dagaa wake ni wadogo kuliko wetu, nao hukaushwa mchangani; chagua waliokaushwa juu ya chanja au nyavu, usije ukatafuna ufuko.

Nazi huko ni adimu na ni ghali, basi usitazamie mchuzi wa kwenu. Nyama ni nyingi kwa kuwa Wasukuma ni wafugaji, lakini wakaazi wengi si Waislamu, na mwenye kuchunga aulize ni nani aliyechinja. Njia nyepesi ni kuutafuta msikiti. Aghalabu mkahawa wa Waislamu hauko mbali nao. Asubuhi onja michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vibichi, au matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Matobolwa na chai ya maziwa hushikilia tumbo mpaka adhuhuri. Na ukimsalimu mwenye kuuza kwa kumwambia "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" mchana, hukuongezea.

Nikiwa sokoni Katoro, ambalo ni soko kubwa kuliko nilivyodhani, niliona kitu kilichonisimamisha. Bibi mmoja alikuwa akiuza viungo vya pilau katika vifuko vidogo vya nailoni, na kimoja kilikuwa cha karafuu. Bei yake ilikuwa shilingi 100. Nilikinunua nikakifungua pale pale nikahesabu: karafuu 11, na mbili kati yake hazina vichwa. Hesabu ya kilo moja ni karafuu ngapi kila mwanachama anaijua, sina haja ya kuifanya hapa. Nilimwambia bibi yule kuwa mimi ndiye niliyezichuma, akacheka akidhani ni mzaha. Lakini mtu asije akasoma maneno haya akafunga kipolo cha karafuu kwenda kuuza Katoro. Kusafirisha karafuu bila ya kibali ni kosa kwa sheria yetu ya karafuu, na wapo waliotiwa hatiani kwa tamaa ndogo kuliko hiyo.

Nimeiacha dhahabu mpaka hapa kwa sababu naona haya. Hata hivyo nitaieleza.

Siku ile ya kwanza, kituoni Geita, alinijia kijana mmoja mpole, akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee", akanibebea mkoba. Akanieleza kuwa kaka yake yuko shimoni, mama yao ni mgonjwa, na wana kipande kidogo cha dhahabu ambacho hawawezi kukipeleka sokoni kwa kuwa watakatwa kodi. Akakitoa katika kitambaa. Kilikuwa kizito, kinang'aa. Nilimpa shilingi 180,000, nikajiona mjanja. Mpwa wangu alipokiona hakusema neno, alinichukua kwa sonara. Sonara alikisugua juu ya jiwe lake jeusi, akadondosha tone la asidi, na ule mchirizi ukatoka povu la kijani. Ilikuwa shaba iliyopakwa. Tulipokuwa tunatoka mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, hapa mwenye dhahabu ya kweli haogopi kuipeleka sokoni."

Wanachama wenzangu, mimi ni mtu niliyekaa miaka 40 nikikagua karafuu kwa jicho na kwa pua. Mtu akinichanganyia makonyo najua kabla hajafungua gunia. Na yule kijana alinipata kwa sababu moja tu, kuwa nilidhani dhahabu lazima iwe rahisi pale inapochimbwa. Si hivyo. Bei ya dhahabu hufuata bei ya dunia, na mchimbaji mdogo wa Nyarugusu anaijua bei ya siku hiyo kama mnunuzi anavyoijua. Tangu Machi 2019 Geita kuna soko la dhahabu ambamo mchimbaji huleta mali yake, ikapimwa uzito na usafi mbele ya maafisa, na mrabaha wa Serikali ukakatwa. Kununua dhahabu ghafi kunataka leseni. Asiyekuwa nayo, akinunua njiani, hata kama dhahabu ni ya kweli, amekwisha kufanya kosa, na akikamatwa hupoteza mali na fedha pamoja.

Kwa hivyo mwenye harusi na anunue kitu kilichokwisha kufuliwa, kwa sonara mwenye duka na leseni, na adai risiti yenye uzito kwa gramu na kareti. Kareti 24 ni dhahabu tupu. Ya 22 ina sehemu 22 za dhahabu katika 24, ya 21 ni kama tuliyoizoea kutoka Arabuni, na ya 18 ni robo tatu tu, nayo huwa ngumu zaidi na hufaa kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Uliza bei ya gramu ya siku hiyo kwanza, kisha uliza ufundi ni kiasi gani, kila kimoja mbali. Hapo ndipo nafuu kidogo huweza kupatikana, katika ufundi, wala si katika dhahabu. Kwa fedha zilizobaki nilimnunulia binti yangu vipuli na pete ya kareti 21. Mkufu haukupatikana. Mama yake aliniuliza mkufu uko wapi, na atayasoma majibu katika ukurasa huu.

Njia ya kurudi nilipitia Kahama na Shinyanga kwa ajili ya mchele. Mchele wa huko ni mzuri, unapikika ukachambuka, na ukinunua kutoka mashineni ni nafuu kuliko dukani. Ila chukua wa kula nyumbani tu, usije ukaulizwa maswali ya mfanyabiashara bandarini. Shinyanga yenyewe wengi huipita usiku wakilala ndani ya basi. Karibu yake ndipo ulipo mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Lakini sisi watu wa miti tuna jingine la kutazama huko. Wakati wa ukoloni misitu ilikatwa kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o, ikafuatiwa na pamba na ng'ombe wengi, mpaka nchi ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, na wanavijiji wakarudishiwa desturi yao ya zamani ya ngitili, yaani kuliacha eneo lisilishwe wala kukatwa mpaka lijifunike lenyewe. Mamia ya maelfu ya ekari yamerudi kuwa na miti. Mzee mmoja alinionyesha mipaka ya ngitili yake kwa kidole, kama mimi ninavyomwonyesha mtu mipaka ya mikarafuu yangu, na tukasimama hapo kwa muda mrefu kuliko dereva alivyopenda.

Nilipimwa malaria niliporudi, sikukutwa nayo. Mwanachama anayetaka khabari zaidi, au anayetaka kumpelekea mpwa wangu barua ya kumpokea kituoni, atanikuta ofisini kwa Chama kila Jumamosi asubuhi. Dagaa nimebakiwa na kopo moja tu, na limeshaombwa.